Kusokota, Kunyonga na Kupinda: Nondo ya Mraba katika Programu za Usanifu na katika Kiswahili

Tarehe 16 Septemba 1884, Ernest L. Ransome, mhandisi mzaliwa wa Uingereza aliyekuwa akifanya kazi mjini San Francisco, alipewa na serikali ya Marekani hataza namba 305,226. Kitu kilicholindwa na hataza hiyo kilikuwa sahili mno: chuma cha mraba kilichosokotwa kikiwa baridi, ili kifukiwe ndani ya zege. Ransome alikuwa ameona kwamba nondo laini huteleza ndani ya zege linapovutwa, ilhali pembe za nondo iliyosokotwa huliuma zege na kukataa kuchomoka. Tena chuma kilichosokotwa kikiwa baridi huwa kigumu zaidi kuliko kilivyokuwa kabla ya kusokotwa. Mnamo 1889 alijenga kwa nondo hizo daraja dogo la Alvord Lake katika bustani ya Golden Gate. Tetemeko la ardhi lililoubomoa mji huo mwaka 1906 halikuliangusha daraja hilo, nalo lingali limesimama.

Nondo ya Ransome ina jamaa nyingi. Nondo za mraba zilizosokotwa zilizoeleka katika ujenzi wa zege nchini Kenya, na vyuma vyembamba vya namna hiyo huonekana kila siku katika madirisha na malango ya nyumba za Afrika ya Mashariki, vikiwa vimewekwa kwa ajili ya urembo kama vilivyowekwa kwa ajili ya kuzuia wezi. Kwa hiyo mtu anayejifunza kuchora kwa kompyuta katika chuo cha ufundi hukutana na nondo hii mapema. Ni zoezi zuri kwa sababu linaonekana jepesi, kumbe sivyo. Kwa mwanaisimu ni zoezi zuri zaidi, maana humlazimisha kuuliza swali ambalo kamusi hulipita haraka: Kiswahili kinasemaje kuhusu kitu kinachozungushwa juu ya mhimili wake chenyewe?

Vitenzi vinavyogombea nondo

Kwa kawaida mwalimu anayefundisha kwa Kiswahili hufika kwenye amri iliyoandikwa kwa Kiingereza juu ya kioo cha kompyuta, akatamka "kutwisti", kisha akaendelea. Hapana kosa la kisarufi hapo. Lugha imekopa tangu zamani na itaendelea kukopa. Neno "twisti" lenyewe liliingia na dansi ya miaka ya 1960, na hakuna aliyekufa. Lakini mkopo huo una hasara moja. Unafunika kwa blanketi moja vitendo ambavyo Kiswahili kimekwisha kuvitenga kwa uangalifu, na ambavyo programu nazo huvitenga.

Tuchukue kwanza sokota. Kitenzi hiki kinadai kitu kirefu, chembamba, kinachokubali kuzungushwa mara nyingi mfululizo: uzi, kamba, utambi, unywele. Tendo lake lina mhimili, nao ni urefu wa kitu chenyewe. Matokeo yake huonekana juu ya umbo, na yana jina, yaani msokoto. Hata tumbo likimsokota mtu, picha iliyo nyuma ya maneno hayo ni ya utumbo ambao ni kama kamba.

Nyonga ni jambo jingine. Hapa mkazo hauko kwenye umbo linalopatikana, bali kwenye nguvu inayotolewa upande mmoja wakati upande wa pili umeshikwa. Anayenyonga shingo ya kuku hajali shingo inafanana na nini baadaye. Anayenyonga baiskeli hasokoti kitu chochote. Anatia nguvu ya kuzungusha kwenye mhimili wa pedali. Songoa imo katika ukoo huohuo: mtu husongoa kitu ili akikate au akikamue. Popotoa, kwa upande wake, ni kusokota kunakoharibu, kama mkono unapopopotolewa hadi kiungo kikatoka mahali pake.

Pinda na kunja ziko mbali zaidi. Nondo iliyopindwa imeacha kunyooka, mhimili wake umeingia kombo. Nondo iliyokunjwa imerudi juu yake yenyewe. Nondo iliyosokotwa vizuri haikupinda hata kidogo. Ukiipigia jicho kutoka ncha moja hadi nyingine, mhimili wake ni mnyoofu kama ulivyokuwa. Tofauti hii ndiyo inayopotea pale mwanafunzi anapoambiwa "ipinde ile nondo" na mwalimu aliyekusudia kusokota. Mwanafunzi mwenye Kiswahili chema huchora kona, naye yuko sahihi kabisa.

Yafaa kutaja mtego mmoja zaidi, unaowanasa hasa wale wanaounda istilahi mezani bila kusikiliza wasemaji. Kiambishi cha kutendua hufanya kazi yake kwa utiifu katika funga na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua. Mtu angetarajia basi pinda izae pindua kwa maana ya kuondoa mpindo. Haizai. Pindua ni kugeuza juu kuwa chini, na kwa njia hiyo likapatikana neno mapinduzi. Kinyume cha kupinda ni kunyoosha. Programu itakayoandika "pindua" kwenye kitufe cha kuondoa mpindo itamfanya mhandisi aigeuze nondo yake kichwa chini.

Kutokana na mgawanyo huu laonekana pendekezo lisilohitaji neno jipya hata moja. Nguvu ya kuzungusha inayotiwa kwenye ncha ya nondo iitwe nguvu ya kunyonga, na mabadiliko ya umbo yanayotokea yaitwe msokoto. Wanafizikia wanahitaji mgawanyo huohuo. Charles-Augustin de Coulomb, alipochunguza nyaya mwaka 1784, alihusisha mambo mawili: nguvu inayozungusha na pembe ambayo waya umezunguka. Kimoja ni sababu, kingine ni matokeo. Kiswahili kina kitenzi kwa kila kimoja. Pingamizi moja tu ni la haki: mtu akisema "nondo imenyongwa" wasikilizaji watacheka, kwa kuwa kauli ya kutendwa ya kitenzi hicho imekwisha kutwaliwa na kitanzi. Basi itumike kauli ya kutenda na nomino, na hiyo ya kutendwa iachiwe mahakama.

Nondo juu ya kioo

Mchoraji wa mwaka 1884 aliyetaka kuonyesha nondo ya Ransome alikuwa na kazi ngumu. Kila pembe ya mraba, ikisokotwa, hufuata njia ya parafujo, na njia hiyo ikitazamwa kutoka ubavuni huonekana kama wimbi linalopanda na kushuka. Mchoraji alipaswa kuyapima mawimbi manne, kuyachora kwa mkono, kisha kufuta sehemu zilizofichwa nyuma ya chuma. Kompyuta ilipoanza kuchora, haikuleta nafuu mara moja. Sketchpad, programu ya Ivan Sutherland iliyoelezwa katika tasnifu yake ya mwaka 1963 huko MIT, ilishughulika na mistari na tao juu ya bapa. AutoCAD ilitolewa mwaka 1982, nayo kwa miaka mingi ilitumiwa zaidi kama ubao wa kuchorea. Toleo lake la 2007 ndilo lililoleta amri ya kupitisha umbo kwenye njia huku likisokotwa kwa pembe atakayoitaja mtumiaji.

Amri hiyo ikieleweka, kazi ni fupi. Chukua nondo ya mraba yenye upande wa milimita 12, isokotwe mzunguko mmoja kamili katika urefu wa milimita 150. Kwanza huchorwa mraba, na kitovu chake huwekwa hasa juu ya mhimili. Kisha huchorwa mstari mnyoofu wa milimita 150, unaosimama wima juu ya mraba huo. Mwishoni programu huambiwa ipitishe mraba kwenye mstari, na iuzungushe nyuzi 360 kati ya mwanzo na mwisho. (Ni bahati njema kwamba Kiswahili hutumia neno moja kwa vipimo vya pembe na kwa kile kinachosokotwa.)

Sharti la kitovu si la mapambo. Mraba ukiwekwa kando ya mhimili, programu haitalalamika. Itatoa umbo lililo kamili kwa hesabu zake, ila halitakuwa nondo iliyosokotwa bali chuma kinachouzunguka mhimili kwa mbali, kama mtambaa unavyouzunguka mti. Hapo napo Kiswahili kina kitenzi tayari: hiyo ni kuzonga au kuzingia. Kitu husokotwa juu ya mhimili wake chenyewe. Huzingia mhimili wa kitu kingine. Mwanafunzi aliyeshika tofauti hiyo katika lugha yake hatahitaji kuambiwa mara mbili mahali pa kuweka kitovu.

Hesabu za nondo hii zafaa kutazamwa, kwa sababu zinaonyesha kile ambacho picha huficha. Kila pembe ya mraba iko umbali wa milimita 8.49 kutoka kwenye mhimili. Katika mzunguko mmoja pembe hiyo husafiri milimita 53.3 kwa kuzunguka na milimita 150 kwa kupanda. Kwa hiyo njia yake halisi ni milimita 159.2. Ukingo wa nondo umerefuka kwa zaidi ya milimita tisa, yaani takriban asilimia 6, ilhali mhimili haukurefuka hata kidogo. Ukingo huo umelala kwa pembe ya nyuzi 19.6 kutoka kwenye mhimili. Lakini kiasi cha chuma ni kilekile. Ukiikata nondo mahali popote, kwa mkato ulio wima kwa mhimili, utakuta mraba wa milimita 12, umegeuka tu. Na kwa kanuni aliyoieleza Bonaventura Cavalieri mwaka 1635, miili miwili yenye mikato sawa katika kila kimo ina ujazo sawa. Ujazo ni milimita za ujazo 21,600 kabla ya kusokota na baada ya kusokota. Kwa chuma cha pua, hizo ni gramu 170 hivi.

Karakana haikubaliani na kioo kwa kila jambo. Chuma halisi hakipendi kurefushwa ukingoni huku katikati kikibaki vilevile. Kingo zinazovutwa huuminya mhimili, na nondo hufupika. Ndiyo maana mhunzi mzoefu hukata kipande kilichozidi kidogo kabla ya kukisokota. Aidha Barré de Saint-Venant, katika makala yake iliyochapishwa mwaka 1855, alithibitisha kwamba mkato wa nondo isiyo ya mviringo haubaki bapa unaposokotwa, bali hubonyea mahali na kuinuka mahali. Programu ya kuchora haijui lolote kati ya hayo. Inachokijua ni mraba unaogeuka unapopanda. Umbo lililomo ndani yake limesokotwa, lakini hakuna aliyelinyonga.

Na kuna nondo ambayo kioo hakiwezi kuionyesha msokoto wake kabisa. Mduara ukipitishwa kwenye mhimili wake kwa nyuzi 360, au 3,600, hutoa mcheduara uleule. Chuma cha mviringo kilichosokotwa karakanani kina nyuzinyuzi zilizokwisha kugeuka na ugumu ulioongezeka, lakini ndani ya programu hakuna hata nukta moja iliyobadilika mahali pa kuonekana. Kwa hiyo anayesanifu kwa chuma cha mviringo hana budi kuuandika msokoto kwa maneno pembeni ya mchoro. Hapa lugha haisaidii mchoro. Ndiyo inayobeba habari yote.

Mraba unaojificha

Iko njia ya pili ya kuitengeneza nondo, nayo hupendwa na walioanza na programu ambazo hazina amri ya kusokota. Mchoraji hupanga miraba kadhaa juu ya mhimili mmoja, kila mmoja ukiwa umegeuzwa zaidi kidogo kuliko ulio chini yake, kisha huiamuru programu itandaze ngozi juu ya miraba hiyo. Wengi hufikiri kwa busara inayoonekana kamili: mzunguko ni nyuzi 360, basi itoshe miraba mitano, kila mmoja ukigeuzwa nyuzi 90 kuliko uliotangulia.

Matokeo yake ni nondo iliyonyooka, isiyo na msokoto hata mmoja.

Programu haikukosea. Mraba uliogeuzwa nyuzi 90 ni mraba uleule, na pembe zake zimekaa mahali pa pembe za kwanza. Programu inapotafuta pembe ya kuunganisha na pembe, huchagua iliyo karibu, na iliyo karibu iko moja kwa moja juu. Kwa nyuzi 45 hali ni ya kutatanisha zaidi, maana pembe mbili ziko umbali sawa kulia na kushoto, na kompyuta hulazimika kuchagua upande bila sababu. Dawa ni kupunguza hatua. Kwa nyuzi 30 inahitajika miraba 13 ili kupata hatua 12, na pembe iliyo karibu sasa ndiyo ile iliyokusudiwa.

Hata hivyo, ikiwa ngozi imetandazwa kwa mistari iliyonyooka, kuna deni jingine. Mstari mnyoofu kati ya pembe na pembe hukatiza ndani ya njia ya parafujo, kama mpita njia anavyokata kona. Katikati ya kila hatua mraba huwa umesinyaa kutoka milimita 12 hadi milimita 11.59, na eneo la mkato limepungua kwa karibu asilimia 7. Kwa jicho nondo ni nzuri. Kwa mizani imepungukiwa chuma. Programu iitwayo OpenSCAD, ambayo mtumiaji wake huandika maelezo badala ya kuchora kwa kipanya, hushughulikia jambo hilo wazi: mwandishi hutaja kimo, hutaja nyuzi za msokoto, kisha hutaja idadi ya vipande ambavyo umbo litagawanywa. Vipande vikiwa vichache, msokoto huwa na makunyanzi. Vikiwa vingi, kompyuta huchelewa.

Majina ya amri

Hapa yafaa kusimama kidogo na kuyatazama majina ya Kiingereza yenyewe, kwa sababu yana sifa ambayo si yake. Hudhaniwa kuwa ni istilahi za kisayansi zilizotungwa kwa usahihi, na kwamba Kiswahili hakina budi kutafuta maneno ya hadhi hiyo. Ukweli ni kwamba yametoka jikoni, uani na bandarini. Amri ya kuliinua umbo bapa likawa mwili imepewa jina la tendo la kusukuma kitu laini kupitia tundu lenye umbo, kama unga wa dengu unavyokamuliwa kuwa tambi. Amri ya kupitisha umbo kwenye njia imeitwa "sweep", ambalo ni neno la kufagia. Na ile ya kutandaza ngozi juu ya mikato imeitwa "loft", ambalo ni dari. Waunda meli wa Ulaya walichora mikato ya meli kwa ukubwa wake halisi juu ya sakafu pana, mara nyingi ghorofani, na jina la chumba likawa jina la tendo.

Ikiwa Kiingereza kilichukua dari la waunda meli, Kiswahili kina haki ya kwenda ufukweni kwa waunda vyombo wake. Mikato iliyopangwa juu ya mhimili haina tofauti na mataruma yaliyosimama juu ya mkuku, na ngozi inayotandazwa juu yake ni mbao. Amri hiyo ingeweza kuitwa kuvika mataruma, au kwa ufupi vika. Mwanafunzi wa Lamu au wa Pemba angeiona picha mara moja. Itapingwa kwamba desturi ya pwani haikwenda hivyo sikuzote, na pingamizi hilo ni la kweli: mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi, kilianza kwa mbao na mataruma yakafuata. Lakini istilahi haihitaji kufuata mpangilio wa kazi. Inahitaji kukumbukwa na kutochanganywa na nyingine.

Kwa amri ya kwanza, kukamua kungefaa kwa maana ila kunanuka jikoni kuliko inavyopasa. Chomoza ni bora. Jua huchomoza, meno huchomoza, na kauli ya kusababisha, chomozesha, hueleza hasa kinachotendeka mraba unapoota kimo. Kwa amri ya pili, buruta ingependeza kama isingekuwa imekwisha kutumika kwa kuvuta vitu kwa kipanya. Basi ibaki pitisha: umbo linapitishwa kwenye njia. Nayo sokota iongezwe kama kielezi cha amri hiyo, si kama amri ya peke yake, kwa kuwa ndivyo programu nyingi zilivyopangwa. Msokoto ni sifa ya kupitisha.

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa mwaka 1990 kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, na mwaka 2004 chuo hicho kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi ya pili ilionyesha kwamba kitufe ni mwalimu mkali kuliko kamusi. Katika kamusi neno lisilofaa hulala tu kwenye ukurasa wake. Kwenye kitufe, mtu hulibonyeza na kuona papo hapo kama kilichotokea ndicho kilichosemwa. Istilahi za usanifu zingepaswa kupimwa kwa njia hiyo: mpe neno mwanafunzi asiyejua Kiingereza chake, umwambie abonyeze, uangalie uso wake.

Kulia na kushoto

Limebaki jambo ambalo huleta hasara nyingi kuliko yote yaliyotajwa, nalo ni mwelekeo. Nondo inaweza kusokotwa kwa namna mbili, na namna hizo haziwezi kugeuzwa ziwe moja. Watu hudhani kwamba nondo iliyosokotwa kwa mwendo wa akrabu za saa, ikigeuzwa kichwa chini, itakuwa imesokotwa kinyume chake. Sivyo. Parafujo ya kawaida ikishikwa kwa kichwa au kwa ncha ni parafujo ileile. Mistari yake inayoonekana mbele hupanda kutoka kushoto kwenda kulia kwa vyovyote. Mwelekeo umo ndani ya umbo, haumo kwenye jicho la mtazamaji.

Kwa sababu hiyo maneno "kwa mwendo wa saa" hayatoshi. Mwendo wa saa kwa nani, aliyesimama wapi, akitazama msokoto unaomwendea au unaomjia? Programu nazo hazisaidii, maana hazikubaliani. Katika OpenSCAD namba chanya ya msokoto hufuata kanuni ya mkono wa kushoto, jambo linalowashangaza waliozoea mkono wa kulia katika hisabati. Mchoraji akitegemea alama ya kujumlisha na ya kutoa peke yake, ataletewa na karakana vyuma vilivyosokotwa upande asioutaka.

Wasokota kamba wanalijua jambo hili kwa vidole. Katika vijiji vya mashariki ya Unguja, wanawake huyafukia makumbi ya nazi ufukweni hadi yalainike, huyatwanga na kutoa usumba, kisha husokota nyuzi. Kamba huundwa kwa kuzisokota nyuzi upande mmoja na kuzikusanya kwa kuzisokota upande wa pili, ili kila msokoto uuzuie mwenziwe usifumuke. Zikisokotwa zote upande mmoja, kamba hujikunja na kufunguka. Maarifa hayo yamo mikononi, wala hayakuhitaji majina mawili, kwa sababu aliyefundishwa alikaa kando ya aliyefundisha. Mchoro unaotumwa kutoka mji mmoja hadi mwingine hauna mkono wa kushikwa.

Viwanda vya nguo vilitatua tatizo hili kwa herufi mbili. Uzi ukishikwa wima, mistari yake ya mbele huinama kama kiungo cha katikati cha herufi S, ama kama cha herufi Z. Msokoto wa Z ndio ule wa parafujo ya kawaida. Herufi zote mbili zimo katika alfabeti ya Kiswahili, hazihitaji kutafsiriwa, na uzuri wake ni kwamba hazibadiliki ukurasa ukigeuzwa juu chini. Msokoto wa S na msokoto wa Z ni istilahi zilizo tayari.

Lango la mabawa mawili huonyesha thamani yake. Desturi ya urembo hutaka bawa la kulia liwe taswira ya bawa la kushoto katika kioo, hivyo vyuma vya upande mmoja visokotwe Z na vya upande wa pili S. Mchoraji akimaliza bawa la kwanza ana amri mbili mbele yake. Akiliakisi, programu hugeuza kila msokoto, na Z huwa S. Akilinakili na kulizungusha nusu mzunguko, bawa la pili litakaa mahali pake vizuri, bawaba kwa bawaba, lakini misokoto yote itabaki Z. Kwenye kioo cha kompyuta, ambako nondo ni mistari myembamba, kosa hilo halionekani. Huonekana siku lango linaposimamishwa, vyuma vimekwisha kuchomelewa na kupakwa rangi, na mwenye nyumba amesimama barabarani akihisi kuna kitu kimekwenda upogo asichoweza kukitaja. Lango la vyuma 24 lingehitaji safu moja tu zaidi katika orodha ya kukatia: vyuma 12 vya Z, vyuma 12 vya S, vyote vikikatwa kwa urefu uliozidi kidogo, msokoto mmoja kwa kila milimita 150.